Picha Moja, Saa Moja: Mwalimu wa Kinanda Anajibu Barua Zenu

Mwezi uliopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, mchezo tunaoucheza hapa kwetu Ngamiani, Tanga: wenzangu na mimi tunatumiwa picha moja kwa wakati mmoja, na kila mtu anatunga kipande cha muziki kutokana na picha hiyo kabla saa moja haijaisha. Sentensi mbili, basi. Barua zilizokuja zimezidi hata zile za kununua kinanda cha mtumba, mada niliyodhani haina mpinzani. Nimechagua chache, maana nyingine zilikuwa zinauliza jambo lilelile. Na wale watatu walioulizia bei ya akodiani yangu: haiuzwi.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nafundisha kwaya huku Ifakara. Natunga kwa solfa, daftari na penseli, na wimbo mmoja waweza kunichukua mwezi mzima. Hebu nieleze mchezo wenu unakwendaje hasa. Na kwa nini saa moja? Mimi nilifundishwa kwamba muziki mzuri unataka subira.*
Mwalimu wa kwaya, Ifakara

Marahaba mwanangu. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuliko unavyodhani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mmoja wetu anakuwa mwenyeji. Kazi yake ni kutafuta picha, kuificha, na kukaa pembeni bila kushindana siku hiyo. Saa 2 kamili usiku anaituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Hapo kila mtu anajifungia na chombo chake: mimi na kinanda, mpwa wangu na kompyuta yake, jirani yangu fundi cherehani na udi aliorithi kwa babu yake, anaurekodi kwa simu. Saa 3 kamili mlango unafungwa. Kazi iliyofika saa 3 na dakika moja tunaisikiliza, tunaipigia makofi, lakini kura haipati. Mwenyeji anazipa kazi namba badala ya majina, tunasikiliza kila moja mara mbili, kisha tunapiga kura. Tuko wanane. Wanaokaa karibu wanakuja kusikilizia barazani kwangu, kahawa na kashata, kila mtu anachangia shilingi elfu moja, na mshindi anaondoka na mkate wa kumimina. Ndiyo zawadi yote.

Saa moja hatukuibuni sisi. Mpwa wangu aliitoa kwa vijana wa kompyuta wa Ulaya, wale walioanza kutengeneza muziki na michoro kwenye mashine za Amiga miaka ya 1980 na kukusanyika kushindanisha kazi zao. Mkusanyiko wao wa Finland uitwao Assembly ulianza 1992, na mwaka 2020 Finland iliuingiza utamaduni huo wote katika orodha ya taifa ya urithi hai. Kuna wanaokutana kwa intaneti tu siku hizi, wanapewa neno au picha, wanapewa saa moja, kazi inaanza. Sisi tumechukua saa, mashine tumemwachia anayeitaka.

Sasa subira. Naijua, na imenigharimu. Ninalo daftari la kurasa 96 nililonunua nikiwa bado napigia kikundi cha taarabu. Nilipolihesabu mwaka juzi nilikuta nyimbo 31 zilizoanzwa na nne zilizokwisha. Hizo 27 nyingine hazikukosa subira, zilikosa siku ya mwisho. Saa moja inakupa siku ya mwisho. Kazi yako itakuwa ndogo, pengine itakuwa mbaya, lakini itakuwa na mwanzo na mwisho, na kesho unaweza kukaa nayo huo mwezi wako ukairekebisha ikiwa nzima.

Tena ufupi si adui wa muziki wetu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi. Ukumbini wimbo wa taarabu hurefuka, watu wanainuka kutunza, mwimbaji anarudia ubeti, fidla nayo inataka sehemu yake. Santuri haimngoji mtu atunzwe. Wimbo ilibidi ukatwe, ukazwe, uingie mle.

Wewe wa solfa una bahati, penseli haihitaji chaji. Jaribu kwa sauti mbili, usiguse nne. Andika baa kumi na sita, mwite mwanakwaya mmoja aimbe nawe, mrekodi, mtume. (Baa ninayoisema ni fungu la mapigo, si ile ya bia. Naandika hivi kwa sababu mwaka jana kuna mzazi aliyenipigia simu.)

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni prodyuza mdogo Mbagala, natumia programu ya muziki ya FL Studio, ile ya majaribio. Tulijaribu mchezo wenu na washkaji watatu. Saa iliisha bado natafuta kiki, ile ngoma nzito ya kuanzia biti. Nikasema poa, nitamalizia kesho. Kesho yake faili linagoma kufunguka. Nimekosea wapi?*
Prodyuza mdogo, Mbagala

Marahaba. Tuanze na faili, ndilo rahisi. FL Studio ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini haikufungulii kazi uliyohifadhi mpaka uilipie. Haijaharibika, imefungwa, na siku ukinunua utaikuta. Kwa hiyo ukiwa na ya bure, usifunge programu kabla hujatoa sauti yenyewe, WAV au MP3. Ukiweza toa na kila chombo peke yake, ngoma mbali, besi mbali, ili kesho uwe na cha kushika. Au tumia BandLab kwenye simu, ni bure na kazi yako unairudia utakavyo.

Hilo la kiki ndilo ugonjwa, na mimi niliugua kabla yako. Siku yangu ya kwanza kwenye mchezo huu, mpwa wangu alituma picha aliyoipiga pale Deep Sea: ngalawa imepinduliwa mchangani, na kwenye kivuli chake paka kalala. Nikasema hii ni yangu, nimezaliwa na ngalawa hizi. Nikaanza kutafuta sauti ya nai, ile filimbi ya mwanzi. Kinanda changu kina zile sauti 128 za kawaida, zile zile utakazozikuta karibu kila kinanda cha nyumbani. Nikajaribu filimbi ya kwanza, nyembamba. Ya pili, kama ya shule. Ya tatu ina upepo mwingi. Nikaenda kwenye fidla, nikarudi. Nilipotazama saa dakika 25 zilikuwa zimekwisha na sijapiga hata noti mbili zinazofuatana. Nilituma sekunde 40 za muziki zilizokatika kama mtu aliyeitwa chakulani katikati ya sentensi. Nilikuwa wa mwisho. Mpwa wangu akaniambia, kwa adabu zote, "Shangazi, ulikuwa unatunga au ulikuwa dukani?"

Tangu siku hiyo dakika tano za mwanzo sigusi chombo. Mikono mapajani, macho kwenye picha. Halafu naimba kwa mdomo, lalala, narekodi kwa simu, mara nne au tano, nachagua moja. Sauti ya chombo naichagua baadaye na sijipi zaidi ya dakika mbili: iliyokaribia inatosha. Vyombo vitatu, si zaidi. Wewe ungefanya kiki, besi na kitu kimoja cha kuimba. Ikifika dakika ya 40 siongezi kitu kipya hata kama malaika ameninong'oneza. Kuanzia hapo ni kupunguza, kusawazisha na kumalizia mwisho, maana mwisho ndio kila mtu anausahau. Dakika ya 50 natoa sauti. Ya 55 nimeshatuma, nipo jikoni.

Na piga hesabu kabla, inakuondolea woga. Ukienda kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, baa ya mapigo manne inachukua sekunde mbili. Kipande cha dakika moja na nusu ni baa 45 tu. Ukiwa na wazo la baa nane ukalirudia mara mbili, ukaweka baa nane za kitu tofauti, ukarudi kwenye lile la kwanza, umeshapita nusu ya safari. Huo si uvivu, ndivyo nyimbo nyingi unazozipenda zilivyo.

*Asalaam aleykum Mwalimu. Sisi ni Wazanzibari tuliotawanyika: wengine Unguja, mimi Maskati, mmoja London. Mwenyeji aliandika "tunaanza saa 2 Jumamosi". Mimi niliingia kwa saa 2 ya huku nikakuta hakuna mtu, nikaenda kulala. Yule wa London kaweka kengele ya saa nane za usiku! Sasa hatusemezani vizuri. Tufanyeje?*
Mzanzibari, Maskati

Waaleykum salaam. Pole, lakini nimecheka mpaka nimetoa machozi. Mwenzenu wa London amekaa huko mpaka "saa 2" ameisoma kwa macho ya saa ya ukutani, ikawa mbili ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa nane. Saa 2 ya Waswahili usiku ni tarakimu 20:00. Aandike hivyo mwenyeji, tarakimu nne, na aseme za mji gani.

Saa 2 usiku ya Unguja ni saa 3 kwenu Maskati. Bujumbura na Kigali ni saa 1. London ndiyo kigeugeu: kipindi chao cha joto ni saa 12 jioni, na wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa kumi inakuwa saa 11. Oman haibadilishi saa, wala sisi, hivyo ninyi na Unguja mmeachana kwa saa moja daima. Anayebadilika ni yuleyule mmoja, basi yeye ndiye apewe kazi ya kuwakumbusha wenzake. Mtu akiwa mlinzi wa saa hachelewi tena.

*Hujambo Mwalimu? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Likoni, nina klabu ya muziki ya watoto ishirini na wawili. Nilisoma safu yako, nikawapa picha ya machweo, nzuri ajabu, na nusu saa ya kutunga. Nyimbo zote zilifanana. Zote polepole, zote za huzuni, kama tumefiwa. Picha ya kuchezea mchezo huu yafaa iwe vipi?*
Mwalimu, Likoni

Sijambo mwenzangu. Tatizo la machweo ni kwamba picha imeshajitungia wimbo kabla ya mtoto. Kila mtu anajua jua likizama tunapiga polepole. Uzuri wenyewe umewafunga. Mimi nataka picha yenye kitu kinachofanya kazi, au kinachokaribia kufanya, au kilichomaliza sasa hivi. Mwezi wa pili tulipewa gunia la mkaa limefungwa kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani, mwenyewe hayupo. Mwezi wa tano, kiti cha plastiki kilichovunjika mguu kikafungwa kwa waya. Hicho kiti kilitoa kazi nane za ajabu, nyingine ya kuchekesha kabisa, besi inachechemea.

Hesabu yangu imekosea, ni saba, mwenyeji hashindani.

Pia picha isiwe na maandishi. Hili tulijifunza kwa khanga. Mwenyeji wetu mmoja, mama mwenye duka la vitambaa, alituma picha ya khanga imeanikwa uani: nyekundu na nyeusi, korosho kubwa kwenye mji, na jina linasomeka wazi, "Wema hauozi". Unadhani tulipata nini? Nyimbo saba za wema hauozi. Mimi mwenyewe nilitunga mahadhi kwa kufuata silabi zile: we-ma-ha-u-o-zi, sita, nikajiona mjanja. Tulipoanza kusikiliza, mwenyeji akawa anatikisa kichwa. Baadaye akaturudisha kwenye picha. Upepo ulikuwa umeliinua pindo la chini likajikunja, na chini yake ilionekana miguu ya mtoto aliyejificha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeiona ile miguu. Tulikuwa tunasoma.

Rangi nayo haina ulazima, mwambie mkuu wa shule asihangaike na wino wa rangi. Mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff aliiona Paris, mwaka 1907, nakala ya picha ya mchoraji wa Uswisi Arnold Böcklin: mashua ndogo inakwenda kwenye kisiwa cha miamba na miti myeusi, ndani yake kuna mpiga kasia na mtu kasimama amevaa nguo nyeupe. Nakala hiyo haikuwa na rangi. Kutokana nayo alitunga, mwaka 1909, kazi ya okestra ya dakika ishirini hivi, na mdundo wake ni wa mapigo matano, unayumba, kama kasia linavyoingia majini na kutoka. Baadaye alipoiona picha yenye rangi haikumgusa vile, akasema kama angeanza na hiyo huenda asingetunga kitu.

Mimi jambo ninalolipenda hapo ni kasia. Katika picha yote ile, kisiwa, makaburi, miti, mbingu, alishika kitu kimoja chenye mwendo akajenga juu yake. Hapa barazani imekuwa msemo wetu. Mtu akikwama tunamuuliza, "Kasia liko wapi?" Waulize watoto wako hivyo. Usiwaambie "mnahisi nini", maana mtoto akiulizwa anahisi nini anajibu anachodhani mwalimu anataka.

Na hakikisha wanaiona picha nzima. Ukiituma picha ndefu kwa WhatsApp, pale kwenye mazungumzo inaonekana imekatwa juu na chini mpaka uiguse ifunguke. Tulitumiwa picha ya mkwezi, yuko juu kabisa ya mnazi, panga kiunoni. Fundi cherehani wetu hakuigusa. Alituma kazi ya udi peke yake, noti moja ya chini inarudiwarudiwa, nzito, haitetereki, haipandi, haishuki. Sisi tukaduwaa. Tukasema huyu ameona mbali, ameuimba mnazi wenyewe akamwacha mkwezi hewani. Tukampa nafasi ya pili. Wakati wa kahawa mpwa wangu akamuuliza, "Mzee, kwa nini mkwezi ulimwacha?" Akajibu, "Mkwezi gani?"

*Jambo Mwalimu. Niko Bukavu. Mimi napiga gita tu, noti sizijui, kompyuta sina. Iko nafasi ya mtu kama mimi?*
Mpiga gita, Bukavu

Jambo sana. Nafasi iko, na wa kompyuta wanakuogopa kwa sababu wewe huna cha kuchagua. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri mbili tatu kutoka kwenye tundu la gita, isilielekee tundu moja kwa moja maana besi itavuma. Zima mtandao wa simu kabla ya kurekodi. Kuna kazi yangu moja nzuri ambayo ilikatwa na shemeji aliyepiga simu kuuliza bei ya nyanya. Ukimaliza, usiicheze tena mbele ya simu ili kuituma kama ujumbe wa sauti, itume kama faili. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya maneno, gita linatoka kama liko ndani ya debe.

Na kumbuka ninyi mko saa moja nyuma yetu. Ukituma saa 3 za kwenu, umechelewa.

*Asalaam aleykum Bi Mwalimu. Sisi wa huku Wete tulianza vizuri, watu sita. Mwezi wa tatu mmoja alishindwa, akasema hakimu alimpendelea shoga yake. Mwezi uliofuata akatia maneno kwenye wimbo wake, na kila mtu alijua anasemwa nani. Aliyesemwa akajibu. Sasa kundi limevunjika na wawili hawaamkiani. Jee, kuna dawa?*
Msomaji, Wete

Waaleykum salaam dada. Dawa ipo, ugonjwa huu ni wa zamani. Hapa pwani tumeshindana kwa nyimbo tangu kabla ya bibi zetu. Miaka ya 1920 miji ya Tanganyika ilikuwa na vikundi vya beni, Marini upande huu, Arinoti upande ule, sare, ngoma, tarumbeta, na beti za kumrarua mpinzani. Mipasho mnaijua ninyi kuliko mimi. Sisemi ni mbaya, nimeipiga miaka na nimekula kwayo. Lakini mipasho inataka ukumbi, watu wa kutunza, na mwisho wa usiku kila mtu aende kwao. Mkiwa watu sita kwenye simu hakuna kwao pa kwenda, mnabaki mnatazamana.

Kwanza, hakimu mmoja mfuteni. Kila aliyetuma kazi apige kura, pointi tatu kwa anayemwona wa kwanza, mbili wa pili, moja wa tatu, haruhusiwi kujipigia, na asiyepiga kura pointi zake zinafutwa. Hapo hakuna shoga wa mtu. Namba badala ya majina, na majina yasitajwe mpaka kura zote zimeingia. Mtatambuana kwa vyombo, ndiyo, sisi tunamjua fundi kwa udi wake kabla hajamaliza baa moja, lakini angalau mnajifanya.

Pili, kwa miezi mitatu, ala tupu. Hakuna kuimba. Mtu apashe kwa ngoma ya dumbaki kama anaweza.

Tatu, na hili ndilo lililotuokoa sisi: kila mpiga kura aandike jambo moja alilolisikia katika kila kazi, na sekunde yake. Si "nzuri sana", si "hongera". Aandike "sekunde ya 38, besi ilipoingia, nilidhani imekosea, kumbe ndio ilikuwa inaanza". Ukisomewa maneno kama hayo kuhusu kazi yako iliyoshika mkia, hasira inakosa pa kukaa. Umesikilizwa. Mimi siku ile ya ngalawa na paka, ya mwisho kati ya saba, sikupika usiku ule, nilikwenda kulala na njaa yangu. Asubuhi nikasoma ujumbe wa yule mama wa vitambaa: "Sekunde ya 12, kabla haijaharibika, paka alipumua." Nikainuka nikachemsha chai.

Wale wawili wasioamkiana, wape uenyeji wa pamoja mwezi ujao. Watafute picha moja wawili. Hawatashindana siku hiyo, na watalazimika kusemezana angalau kuhusu mnazi.

*Shikamoo Mwalimu. Nikitunga kwa picha aliyoipiga mtu mwingine, halafu wimbo ukapendwa, nani mwenye mali?*
Msomaji, Mwanza

Marahaba. Muziki ni wako tangu ulipourekodi au kuuandika, picha ni ya aliyeipiga. Kuitazama na kutunga hakumnyang'anyi kitu. Ila ukitaka kuiweka picha yenyewe kama jalada la wimbo wako huko YouTube, muombe ruhusa kwanza, na ukipata pesa mkumbuke. Kwa Tanzania Bara mambo haya yako chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na pa kusajili kazi yako ni COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Wa Kenya waende KECOBO. Usajili unakusaidia siku ya ugomvi, siyo unaokupa umiliki. Sisi tumelimaliza kwa njia ya mkato: mwenyeji anapiga picha mwenyewe kwa simu yake, mtaani hapahapa, haichukui mtandaoni. Na kama kuna sura ya mtu, mtu huyo ameulizwa.

*Mwalimu, unatufundisha sana. Wewe umewahi kushinda?*
Msomaji, Korogwe

Mara moja, mwezi wa saba.

Picha ilikuwa ya dele la kahawa juu ya jiko lake dogo la makaa, na ndoo ndogo ya vikombe pembeni, kwenye ngazi za nyumba moja barabara ya kumi na mbili. Muuzaji hayupo. Nilikaa dakika zangu tano, mikono mapajani. Nikaanza kinanda, kitu kizito cha Bayati, ile ngazi ya sauti ya Kiarabu, nilikuwa nafurahia. Dakika ya 22 umeme ukakatika. Kinanda kikafa na kila nilichokuwa nacho ndani yake.

Nikachukua akodiani. Simu ina chaji asilimia 30. Ngoma sina, dumbaki liko kwa fundi. Nikakaa gizani najiuliza swali letu lile, kasia liko wapi, na hapo nikakumbuka kwamba muuza kahawa humwoni kwanza, unamsikia. Ta-ka-ta, ta-ka-ta, vikombe viwili mkononi, bado yuko kona ya pili na wewe umeshaanza kutafuta sarafu.

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Nikampa vikombe viwili vya kahawa kutoka kabatini, nikamwambia aanzie jikoni, avigonge hivyohivyo, aje taratibu ukumbini hadi ilipo simu, na akifika anyamaze, bibi ataingia na akodiani. Tukajaribu mara moja. Dakika ya 47 tukarekodi. Alianza vizuri, mbali, vikombe vinasikika kama viko nyumba ya tatu. Akaja, anakaribia, mdundo haujaachia hata kidogo, mtoto ana saa kifuani yule. Akajikwaa kwenye kona ya meza.

Kikombe kimoja kilianguka sakafuni kikapasuka. Kimya. Mimi mikono ilikuwa tayari kwenye akodiani, ikaingia yenyewe, chini, polepole, na mtoto, Mungu amjaze, akaendelea kugonga kikombe kilichobaki kwa ukucha. Hapakuwa na muda wa kurudia. Nilituma dakika ya 58, chaji asilimia 9.

Kura zilipokuja, watano kati ya sita waliandika sekunde ya 51. Mpwa wangu aliandika kwamba hajawahi kusikia mtu akithubutu hivyo, na akauliza nilifanya mazoezi mara ngapi mpaka kikombe kikavunjika pale pale penye mahali pake. Nikamwambia mambo ya kazi hayaulizwi hadharani. Mkate tuliumaliza usiku uleule mimi na mjukuu. Kikombe kilikuwa cha seti ya mama mkwe wangu, na mpaka leo anajua kiko kwa jirani, kimeazimwa.